Kabla Hujalipia Kamera ya Zumu Ndefu: Mwongozo Kamili wa Kuipima

Karibu kila msimu wa kiangazi ukiisha naletewa kamera ya aina ile ile na lalamiko lile lile. Mtu kanunua kamera nono ya lenzi isiyotoka, yaani lenzi isiyofunguliwa na kubadilishwa, ile inayoitwa kamera ya daraja au briji, kwa sababu boksi limeandikwa "mara 60" au "mara 125". Kaenda nayo mbuga ya Mikumi, karudi na picha mia nne, za maana hazifiki kumi. Ananiuliza kama kauziwa mbovu.

Mara nyingi si mbovu. Ilijaribiwa mchana kweupe mlangoni mwa duka, ikavuta bango la ng'ambo ya barabara, watu wakashangaa, pesa ikatoka. Hakuna aliyeijaribu ndani, jioni, wala kwa kitu kinachotembea. Kamera hizi zinakupa umbali, na umbali huo unaulipia kwa mwanga. Hatua zilizo hapa chini ni za kujua deni hilo ni kubwa kiasi gani kabla hujafungua pochi.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kadi yako mwenyewe ya SD, tupu, ya GB 32 au 64. Picha za jaribio lazima uondoke nazo.
- Laptopu, hata ya kuazima, ya kutazamia picha kwa ukubwa wake halisi.
- Ukurasa wa gazeti wenye maandishi madogo.
- Tochi. Ya simu inatosha.
- Kitambaa laini cha kufutia miwani.
- Mfuko wa kitambaa wenye kilo moja au mbili za mchele au maharage. Utaona kazi yake.
- Kalamu na karatasi.
- Saa nzima ya kupoteza. Muuzaji wa mtumba asiyekupa hata nusu saa, muage kwa heshima uende zako.

## Hatua ya 1: Hesabu picha ulizokwisha piga

Fungua simu yako, chukua picha 100 za mwisho ulizopiga kwa makusudi (meme na risiti usizihesabu). Gawa karatasi mafungu matatu: za ndani au usiku, za nje karibu, za nje mbali. Piga kistari kwa kila picha.

Mpwa wangu alinijia na tangazo la kamera kwenye simu. "Mjomba, hii ya mara 83 si ndiyo kali?" Nikamwambia tuhesabu kwanza. Za ndani na usiku zilikuwa 71: kichen pati, mahafali, ubarikio. Za mbali zilikuwa 6, na 4 kati ya hizo ni za mwezi.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba kamera ya daraja ina uwanja wake: kitu kilicho mbali, kwenye mwanga wa kutosha, kisicho na haraka sana. Ndege mtini, nyani juu ya mwamba, jahazi kwenye upeo wa bahari, mchezaji upande wa pili wa uwanja saa tisa alasiri. Ukumbini usiku, lenzi ikivutwa hadi mwisho, itashindwa hata na simu nzuri, kwa kuwa simu ina tundu kubwa la lenzi na inaunganisha picha kadhaa kuwa moja bila kukuuliza.

Umefaulu ikiwa fungu la "nje mbali" lina vistari 30 au zaidi, au una kazi mahususi inayokuja ya aina hiyo. Likiwa na 6, soma hatua ya 3 kisha ufikirie upya.

## Hatua ya 2: Soma namba za lenzi, achana na "mara ngapi"

"Mara 60" ni matokeo ya kugawanya tu: urefu wa lenzi ikivutwa mwisho, gawanya kwa urefu wake ikiwa imerudishwa. Haikuambii inafika wapi. Panasonic FZ82 ni ya mara 60, inaanzia milimita 20 na kuishia 1200. Canon SX50 HS ni ya mara 50, inaanzia 24 na kuishia 1200. Mwisho wao ni uleule. Zile "mara 10" za ziada ziko upande wa upana, kwenye picha za ukoo mzima sebuleni, wala hazimsogezi simba hata hatua moja.

Kuna mtego wa pili. Kwenye lenzi ya Nikon P1000 utakuta imeandikwa 4.3–539, ilhali tangazo linasema 24–3000. Hakuna aliyedanganya. 539 ni urefu halisi wa lenzi. 3000 ni jinsi ambavyo ingeonekana kwenye kamera ya fremu kamili, yaani ile ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35. Kwa kamera zenye sensa ndogo ya aina hii (sensa ni nini, soma hatua ya 3), zidisha namba halisi kwa 5.6. Kwa zenye sensa ya inchi 1, zidisha kwa 2.7.

Andika namba tatu kwenye karatasi: mwanzo wa lenzi, mwisho wa lenzi, na ile f ya mwisho. Ya tatu ndiyo wanunuzi wengi hawaioni. Maandishi "1:2.8-8" maana yake tundu linapitisha mwanga wa f/2.8 lenzi ikiwa imerudishwa, na linabaki f/8 tu ikivutwa mwisho. Namba ikikua, mwanga unapungua: kutoka f/4 hadi f/8 umebaki na robo.

Tahadhari: zumu ya kidijitali haihesabiki. Hiyo ni kukata katikati ya picha na kuitanua, kazi ambayo unaweza kuifanya nyumbani bure. Izime kwenye menyu kabla ya jaribio lolote. Na vile vikamera vyepesi vya bei ya chee vilivyoandikwa "16X" huku lenzi yake hairefuki wala haina mota, hivyo ni vya kuchezea watoto.

## Hatua ya 3: Uliza ukubwa wa sensa

Sensa, si ile ya kuhesabu watu, ni kile kipande kinachopokea mwanga mahali palipokuwa pa filamu. Kamera za daraja zimegawanyika makundi mawili, na ukikosea hapa, hatua nyingine hazitakuokoa.

Kundi la kwanza lina sensa ya inchi 1/2.3, yaani takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Humo wamo Nikon P900, P950, P1000 na P1100, Canon SX70 HS, Panasonic FZ82 na FZ300. Udogo huo ndio unaowezesha zumu ndefu: lenzi ya milimita 539 halisi inafanya kazi ya 3000. Hata hivyo P1000 ina uzito wa gramu 1415. Sio ya mfukoni.

Kundi la pili lina sensa ya inchi 1, milimita 13.2 kwa 8.8. Jina la inchi lisikuchanganye, hakuna upande wenye inchi nzima. Eneo lake ni mara nne ya kundi la kwanza. Humo wamo Sony RX10 III na IV, na Panasonic FZ1000 na FZ2000. Zumu ni fupi zaidi: RX10 IV inaishia 600, FZ1000 inaishia 400. Lakini zote mbili zinaishia kwenye f/4.

Sasa weka hesabu pamoja. RX10 IV kwenye mwisho wake inapitisha mwanga mara nne ya f/8 ya P1000, tena inaumwagia sensa yenye eneo mara nne. Ndiyo maana bei zimepishana hivyo, na ndiyo maana mtu aliyezoea ya inchi 1 huwa haoni wivu wa "mara 125".

Kwa kulinganisha, kamera za kawaida za lenzi inayotoka zenye sensa ya APS-C zina takriban milimita 23.5 kwa 15.6, mara tatu ya inchi 1. Ila ukitaka zifike mbali, lenzi ya 150–600 peke yake ina kama kilo mbili na bei yake ni ya pikipiki ya mtumba. Hapo ndipo kamera ya daraja inapowapiga bao wenzake, na haki yake tumpe: kifaa kimoja, begi moja, unavuta kutoka kundi zima la nyumbu hadi jicho la mmoja wao bila kubadili lenzi kwenye vumbi.

## Hatua ya 4: Jaribio la gazeti, ndani ya duka

Bandika gazeti ukutani. Simama mita nne au tano. Weka kamera kwenye P (ijipangie mwanga yenyewe), zima flashi, pumzisha viwiko juu ya kaunta.

1. Piga moja lenzi ikiwa imerudishwa, moja katikati, moja ikiwa imevutwa mwisho. Baadhi ya kamera zikivutwa mwisho hazishiki fokasi kwa kitu kilicho karibu. Ikigoma, rudi nyuma.
2. Rudisha lenzi katikati, kisha panga ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga: namba ikipanda picha inang'aa zaidi, ila inachafuka) kwa mkono: 100, 400, 800, 1600, 3200. Piga moja kwa kila namba.
3. Hamishia picha kwenye laptopu na uzitazame kwa asilimia 100.

Unatafuta chenga, zile punje za rangi kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni, na unatafuta mahali ambapo herufi zinaanza kuyeyuka kama sabuni. Kuyeyuka huko ni kamera yenyewe inafuta chenga na kufuta na maandishi humohumo. Kwa sensa ndogo, tegemea ISO 400 isomeke vizuri, 800 ianze kulegea, 1600 iwe ya dharura. Kwa inchi 1, sogeza kila kitu ngazi mbili juu.

Kagua na kona nne za gazeti. Kona moja ikiwa na ukungu huku tatu ni safi, lenzi imepinda, na kwa kamera ya lenzi isiyotoka huo ni mwisho wa mazungumzo.

Tahadhari: kioo cha nyuma ya kamera ni kidogo na kinang'aa, kila picha humo inapendeza. Usikubali kuhukumu kwa kioo hicho, hata muuzaji akikusisitiza vipi.

Umefaulu ikiwa unajua namba moja: ISO ya juu kabisa ambayo wewe mwenyewe unaivumilia. Iandike kando ya zile tatu.

## Hatua ya 5: Mtafute kunguru

Toka nje, mwombe kijana wa duka atoke nawe ili roho yake itulie. Mijini kwetu kunguru hakosekani kwenye nguzo au bati. Vuta lenzi hadi mwisho, mtafute, shika fokasi, piga.

Utagundua jambo ambalo tangazo haliwezi kulisema: kumpata tu ni kazi. Kwenye milimita 2000, ukiwa mita 50 kutoka kwa ndege, fremu nzima ina upana wa sentimita 90. Mkono ukiteleza kidogo, kunguru hayupo, na bati lote linafanana. Nikon P900 na ndugu zake wana kitufe ubavuni mwa lenzi kinachorudisha zumu nyuma ghafla umtafute tena, ukikiachia inavuta upya. Canon SX nao wana kitu cha namna hiyo. Hakikisha kipo, na kwamba kinafanya kazi.

Kisha jaribu bodaboda inayokuja upande wako, picha kumi mfululizo. Hesabu ngapi zimeshika. Nyingi za kamera hizi zinatafuta fokasi kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mpaka picha ikaze, na kitu kikisogea zinachelewa. RX10 IV ni ya pekee hapa, ina pointi 315 za fokasi zinazopima umbali moja kwa moja na inafyatua hadi picha 24 kwa sekunde. Kwa nyingine, bodaboda tatu kati ya kumi zikishika ni sawa. Kama ndoto yako ni mbayuwayu angani, acha.

Tumia kidirisha cha kuchungulia, si kioo cha nyuma. Kamera ikiegemea usoni mkono hautikisiki sana, na juani kioo cha nyuma hakionekani.

## Hatua ya 6: Jifunze mtego wa asubuhi na mchana

Hii ndiyo hatua iliyowaangusha wengi wa wanaoniletea kamera, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Saa sita mchana mbugani kuna mwanga wa kutosha. Kwa jua kali, ISO 100 na f/8, utapata shata (muda ambao sensa inapokea mwanga) ya takriban 1/400 ya sekunde. Lakini ardhi imeshachemka, na hewa kati yako na simba aliye mita 200 inacheza kama juu ya sufuria. Kila milimita ya zumu inaukuza mchezo huo pia. Picha inatoka na ukungu wa ajabu, kana kwamba imepigwa kupitia maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayolitibu hilo. Ukitaka dawa, sogea karibu au njoo mapema.

Basi unakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hewa imetulia, kila unyoya unaonekana. Mwanga sasa umepungua, tuseme mara nane. Shata yako ya 1/400 imekuwa 1/50, na kwa lenzi ndefu hivyo hiyo ni picha ya kutikisika. Ili urudi 1/400 lazima upande ISO 800. Kumbuka namba uliyoandika katika hatua ya 4. Kwa lenzi inayoishia f/4 ungehitaji ISO 200 tu.

Umeona sasa kwa nini zumu ndefu kabisa ina dirisha dogo la kufanya kazi: kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu hivi asubuhi, na tena jioni kabla jua halijazama sana. Nje ya hapo, rudisha lenzi hadi nusu na upige mnyama pamoja na mazingira yake. Picha nyingi nzuri nilizopiga kwa sensa ndogo ziko chini ya milimita 1000.

Kuhusu mkono: kanuni ya zamani inataka shata isipungue moja gawanya kwa urefu wa lenzi, yaani 1/1000 kwa milimita 1000. Kitulizaji cha ndani ya kamera kinakuruhusu kwenda polepole zaidi ya hapo, ila kinatuliza mikono yako tu, hakimtulizi swala anayegeuza shingo. Hapa ndipo mfuko wa mchele unapofanya kazi. Uweke kwenye ukingo wa dirisha au wa paa la gari, ulaze lenzi juu yake, mwombe dereva azime injini. Stendi ya miguu mitatu ndani ya gari ni usumbufu mtupu.

Umefaulu ikiwa picha ya mwezi, lenzi imevutwa mwisho, ISO 100, f/8, shata 1/200 au 1/250, inaonyesha kingo za mashimo zikiwa kali. Kwa milimita 3000 mwezi mpevu utaijaza fremu kutoka juu hadi chini. Ikishindikana hata juu ya mfuko wa mchele, kosa ni la kamera.

## Hatua ya 7: Kagua ya mtumba kama unayekagua injini

Watu husema lenzi isiyotoka haiingizi vumbi. Nusu kweli. Lenzi hizi hurefuka na kurudi, na kila zikifanya hivyo huvuta hewa kama mvukuto wa mhunzi, pamoja na kilichomo ndani ya hewa hiyo. Vumbi likishatua kwenye sensa, huwezi kufungua na kupuliza. Fundi lazima aibomoe kamera nzima.

Ya kwangu ya kwanza ilifia ufukweni Jambiani, Unguja. Chembe moja ya mchanga iliingia kati ya mirija ya lenzi, ikasaga, ikakwama nusu nje na nusu ndani, na ujumbe wa hitilafu ya lenzi ukabaki kwenye kioo mpaka leo. Fundi aliniambia bei ya kuitengeneza, nikacheka, naye akacheka.

Fanya hivi:

- Washa na zima mara kumi. Vuta na rudisha zumu yote mara tano. Sauti iwe moja, laini. Ukisikia kukwaruza au kusita, rudisha mezani.
- Mulika tochi kupitia lenzi kwa pembe. Nyuzi kama za buibui ni fangasi, ugonjwa wa kawaida wa kamera zilizoishi Tanga, Mombasa au Unguja kabatini bila vipakiti vya silika. Usinunue hata kwa nusu bei.
- Piga anga tupu kwa f/8, lenzi imerudishwa, kisha imevutwa. Madoa ya kijivu yanayokaa mahali pale pale kwenye picha zote ni vumbi la sensa.
- Angalia kama betri imevimba. P1000 kwa kipimo cha mtengenezaji hupiga takriban picha 250 kwa chaji moja, na kuvuta zumu kila dakika kunapunguza. Bila betri ya pili, safari ya siku nzima itakuishia mchana, kwa hiyo iweke kwenye bajeti tangu sasa.

Panasonic FZ300 na RX10 IV zimezibwa dhidi ya vumbi na manyunyu. Nyingi ya nyingine hazijazibwa. Ufukweni, lenzi ikiwa nje, usiiweke kamera chini kabisa, hata juu ya kanga.

## Hatua ya 8: Amua

Karatasi yako sasa ina mafungu matatu ya picha, namba tatu za lenzi, na ISO unayoivumilia.

Ukiwa mtu wa ndege na wanyama wa mbali mchana, bajeti ndogo, picha za kuweka mtandaoni au kuchapa ukubwa wa A4: sensa ndogo, mwisho 1200 hadi 2000. Mimi singeongeza pesa kwa ajili ya 3000 isipokuwa mwezi na meli ndivyo vinavyokukosesha usingizi.

Ukitaka kamera moja ya safari, mpira wa jioni na video za shughuli, na pesa ipo: inchi 1. RX10 IV ya mtumba iliyokaguliwa vizuri ni bora kuliko sensa ndogo mpya ya boksini.

Ukiwa kama mpwa wangu, lenzi inayotoka. Alinunua kamera ya mtumba ya APS-C na lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, na kichen pati zake sasa zinalipa. Ile ya mara 83 aliyokuwa ameiona ilichukuliwa na rafiki yake anayetembeza wageni Mikumi. Huyo hatoki getini bila mfuko wa mchele chini ya kiti, ingawa mchele wenyewe umeshapikwa mara mbili na kujazwa mwingine.